Nyanya Uliyochuma Jana Bado Inapumua

Je, wajua kwamba nyanya iliyochumwa Ilula jana mchana, ikapakiwa kwenye tenga na kuteremka Mlima Kitonga usiku kuelekea Dar es Salaam, inafika sokoni alfajiri ikiwa bado hai? Inavuta oksijeni kama wewe. Inachoma sukari yake yenyewe, inatoa hewa ukaa, mvuke na joto. Kilichobadilika ni kwamba shina lililokuwa likiilisha na kuinywesha halipo tena. Tangu mkono wa mchumaji ulipoikata, nyanya hiyo inaishi kwa akiba iliyotoka nayo shambani, na akiba hiyo haiongezeki.

Mkulima akilielewa hili moja, mengi yanayotokea baada ya mavuno hayamshangazi tena. Tumezoea kuliona zao lililovunwa kama mzigo, kitu cha kushindilia, kufunga kamba na kurusha juu ya gari. Lakini tofali halipumui. Ndiyo maana inaniuma kumwona mtu aliyepalilia, akamwagilia na kunyunyizia dawa kwa miezi mitatu au minne, akipoteza jasho lake kwa siku mbili za kuliweka zao vibaya.

Ukitaka ushahidi, ingiza mkono katikati ya gunia la njegere mbichi lililoshinda limefungwa, au kwenye mfuko wa plastiki uliojazwa mchicha. Utakuta joto. Hilo si jua lililobaki humo ndani, ni pumzi ya mboga zenyewe. Na jambo lina mzunguko mbaya: kadiri zao linavyopata joto ndivyo linavyopumua kwa kasi, na kadiri linavyopumua kwa kasi ndivyo linavyojitia joto zaidi. Kwa makadirio yanayotumiwa na wataalamu, kila joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hadi tatu. Zao ambalo lingekaa siku 8 kwenye nyuzi 20 huenda lisifikishe hata siku 4 kwenye nyuzi 30. Kwa hiyo kivuli cha mwembe pembeni mwa shamba ni chombo cha kazi, sawa na jembe. Nyanya au pilipili hoho iliyoachwa juani hupata joto kuliko hata hewa inayoizunguka, kwa sababu ngozi yake inafyonza mionzi moja kwa moja.

Na mahindi ya kuchoma je? Mahindi mabichi matamu yakiachwa kwenye nyuzi 30 yanaweza kupoteza nusu ya sukari yake, hata zaidi, kwa siku moja tu. Yaliyovunwa asubuhi na kufika jikoni jioni ileile yana utamu ambao ya jana hayana, na hapo mchomaji hana kosa lolote.

Ndiyo sababu ya kuvuna mapema, kabla jua halijakolea. Lakini kanuni hii ina mwasi wake: chungwa. Wakulima wa Muheza huko Tanga wanajua mambo mengi kuhusu tunda hili, na mojawapo ni kwamba halipendi kuchumwa na umande. Alfajiri ganda la chungwa limejaa maji hadi limetuna, na vifuko vya mafuta vilivyo ndani ya ganda hupasuka kwa kuguswa kidogo tu. Mafuta yale yakimwagika huunguza seli za jirani, na baada ya siku kadhaa unaona mabaka ya kahawia ambayo mnunuzi anayadhania ugonjwa. Chungwa lisubiri umande ukauke.

Tukiwa bado kwenye chungwa: je, wajua kwamba rangi yake ya kijani haimaanishi kuwa ni bichi? Ganda hugeuka la rangi ya machungwa pale usiku unapokuwa na baridi. Katika nchi za joto kama zetu, chungwa linaweza kuiva barabara, likajaa maji na sukari, huku nje likiwa kijani vilevile.

SIRI YA KUVUNDIKA

Kiswahili kina neno ambalo ningependa kila mwanafunzi wa sayansi alijue: kuvundika. Unachimba shimo, unalitandika majani ya migomba, unapanga ndizi mbichi, unafunika, na sehemu nyingine watu huelekeza moshi wa majani makavu uingie humo. Baada ya siku chache unafukua ndizi za njano. Kazi hii ilifanyika vizazi na vizazi kabla mtu yeyote hajaweza kusema ni nini hasa kilichomo ndani ya moshi ule.

Jibu lilianza kupatikana mbali sana na migomba. Mwaka 1901, katika mji wa Saint Petersburg, mtafiti kijana aitwaye Dimitry Neljubow aliona miche yake ya njegere ikiota vibaya ndani ya maabara: mifupi, minene, imelala upande badala ya kusimama. Ikitolewa nje kwenye hewa safi, inanyooka. Maabara ile iliwashwa taa za gesi, na kwa kuchuja gesi hiyo sehemu kwa sehemu Neljubow akampata mhusika, hewa nyepesi isiyo na rangi iitwayo ethilini. Tayari katika karne ya 19 watu wa Ulaya walikuwa wameona miti ya kando ya barabara ikipukutisha majani pale mabomba ya gesi ya taa yalipovuja. Kisha mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane akathibitisha jambo lililowashangaza wengi: tunda linaloiva linaitengeneza ethilini lenyewe. Yaani tunda lina sauti ya kuwaambia wenzake kwamba wakati umefika, na sauti hiyo ni hewa.

Sasa rudi kwenye shimo la ndizi. Majani yanayofuka bila kuwaka vizuri hutoa moshi wenye ethilini. Shimo linaizuia isitoroke, pamoja na ile inayotolewa na ndizi zenyewe. Joto la ardhini linasaidia. Ndiyo hivyo hivyo kwa parachichi linalofukiwa kwenye unga au kufungwa kwenye karatasi pamoja na ndizi mbivu.

Historia ya kuivisha matunda kwa ethilini haiishii kwenye mgomba. Mkuyu, mti uleule unaoota kando ya mito yetu, ulipandwa Misri ya kale, na wakulima wa huko walikuwa wakipanda juu ya mti na kuchanja tunda moja moja kwa kisu. Baada ya siku chache tunda lililochanjwa linavimba na kuwa tamu. Leo tunajua kwamba jeraha lile huamsha ethilini ndani ya tunda. Nabii Amosi katika Biblia anajitambulisha kuwa mchungaji na mtu wa mikuyu, na wafasiri wengi wanaeleza kwamba kazi hiyo ya mikuyu ilikuwa kuchanja matunda. Kwa hiyo huenda kuna nabii aliyeishi kwa kuamsha ethilini kwa ncha ya kisu.

Hata hivyo si kila tunda linaisikia sauti hiyo. Ndizi, embe, papai, parachichi, nyanya, pera na pasheni, zikichumwa zikiwa zimekomaa, huendelea kuiva nyumbani. Nanasi, chungwa, limau na zabibu haziivi tena zikishakatwa. Nanasi lililokatwa mapema litabadilika rangi na kulainika, lakini sukari uliyoikuta siku ya kulikata ndiyo utakayoila. Anayekata nanasi changa ili awahi bei ya mwanzo wa msimu anauza tunda ambalo hakuna siku litakayokuwa tamu.

Na parachichi lina ukaidi wa peke yake. Je, wajua kwamba parachichi haliivi juu ya mti? Linakomaa, linajaza mafuta, kisha linakaa. Miezi inaweza kupita likiwa gumu kama jiwe. Linaanza kulainika baada ya kukatwa tu. Kwa wakulima wa Rungwe, Njombe au Murang'a hii ni neema kubwa, kwa sababu mti ni ghala lisilolipiwa kodi. Lakini pia ni mtego, kwa kuwa macho hayawezi kutofautisha kirahisi parachichi lililokomaa na changa, na lile changa likikatwa halilainiki vizuri: linanyauka na kuwa kama mpira. Ndiyo sababu Kenya hufunga msimu wa kuvuna kwa ajili ya kuuza nje pale matunda mengi yanapokuwa bado hayajakomaa.

Kuhusu kabaidi, nitasema kwa ufupi na kwa msisitizo. Kuna wafanyabiashara wanaoivisha ndizi na maembe kwa kabaidi ya kalisi, ileile ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Ikipata unyevu hutoa asetilini, inayoiga kazi ya ethilini. Ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, ambayo ni sumu kwa anayeishika na kwa mlaji. India na nchi nyingine zimeipiga marufuku kwa matunda. Shimo, majani ya mgomba na subira ya siku tatu vinatosha.

Ethilini ikiwa rafiki wa ndizi, ni adui wa mboga za majani. Mchicha uliowekwa karibu na ndizi mbivu huwa njano upesi, matango vilevile, na karoti zinapata uchungu mdomoni. Mwenye kijumba kimoja cha kuhifadhia avitenganishe.

KIDONDA NA TENGA

Kitu kilicho hai kikijeruhiwa kinahangaika. Nyanya iliyobonyea hupumua kwa kasi kuliko nzima, hupoteza maji, hutoa ethilini zaidi, na kuvu wanapata mlango. Na vingi vya vidonda hivyo hutokana na chombo chenyewe.

Litazame tenga la mianzi au sanduku la mbao. Linapojazwa, nyanya za chini zinabeba uzito wa zote zilizo juu yake. Kila shimo barabarani linaongeza pigo. Vijiti na misumari inakwaruza zilizo pembeni. Likipangwa tenga juu ya tenga, na mdomo wa la chini umefura, basi tenga la juu limekaa juu ya nyanya. Kreti ya plastiki inafanya kazi tofauti kabisa: kuta zake ndizo zinazobeba kreti ya juu, nyanya zilizomo hazibebi kitu isipokuwa wenzake wachache, na matundu yanapitisha hewa. Najua kreti ina gharama na kuirudisha kutoka mjini ni kazi. Kwa asiyeweza, tenga likipunguzwa kina na kutandikwa karatasi au nyasi kavu safi ndani linaokoa nyanya nyingi. Kucha fupi za mchumaji pia zinaokoa.

Lumbesa ni habari ya kusikitisha zaidi. Wengi tunaijua kama wizi wa vipimo: gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa kilemba kinachoshonwa kwa kamba, na mkulima analipwa gunia moja. Nchini Tanzania, Wakala wa Vipimo wameipiga vita kwa miaka mingi. Kenya iliweka kanuni mwaka 2019 kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Lakini lumbesa inaiba mara mbili. Gunia lile haliwezi kubebwa na mtu mmoja kwa upole, kwa hiyo linaangushwa. Viazi vya chini vinachubuka. Kabichi na vitunguu vya katikati havipati hewa, joto lao linakaa humohumo. Hasara inayoonekana kwa mchuuzi siku tatu baadaye ilishonwa pamoja na kile kilemba, na mkulima anailipia tena msimu ujao kwa bei ya chini.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2019 kwamba duniani kote takriban asilimia 14 ya chakula hupotea kati ya mavuno na kabla ya kufika kwa muuzaji wa rejareja. Kwa matunda na mboga ilikuwa zaidi ya asilimia 20. Yaani kati ya matenga matano, moja.

Embe nalo lina kidonda chake. Likichumwa kwa kung'olewa kikonyo, utomvu unaruka na kuunguza ngozi, na mistari myeusi haifutiki. Mchumaji mzuri huacha kikonyo kirefu kidogo, kisha kivulini anakikata na kuligeuza embe kichwa chini ili utomvu udondoke ardhini bila kugusa ganda.

Na hili la kuosha nyanya watu wachache wanalijua. Ukitumbukiza nyanya yenye joto la shamba kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani yake inasinyaa na kuvuta maji kupitia kovu la kikonyo. Kama maji yale ni machafu, umeingiza vijidudu ndani ya nyanya, mahali ambapo hakuna kuosha tena. Maji yawe safi, na yawe na joto kidogo kuliko nyanya.

MTUNGI

Zao lililokatwa halinywi, ila linaendelea kutoa jasho. Mboga za majani zikipoteza asilimia 3 hadi 5 tu ya uzito wake kwa maji, zinalegea na mnunuzi anapita. Karoti zilizoachiwa majani yake zinapendeza mezani, lakini majani yale yanaendelea kunyonya maji kutoka kwenye mzizi. Kata, na karoti itadumu.

Dawa ya kiu na joto kwa pamoja iko kwenye kona ya nyumba nyingi za kijijini. Maji ya mtungini huwa baridi kwa sababu maji kidogo hupenya udongo na kukauka nje, na maji yanapokauka hubeba joto. Mwalimu mmoja wa kaskazini mwa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliyetoka katika familia ya wafinyanzi, aliichukua kanuni hiyo akaweka chungu ndani ya chungu, akajaza mchanga katikati, akalowesha mchanga na kufunika kwa kitambaa chenye maji. Biringanya zilizokuwa zikiharibika ndani ya siku 3 zilikaa siku 27. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Rolex mwaka 2000. Wahindi walijenga kitu hichohicho kwa kuta mbili za matofali zenye mchanga uliolowa katikati, na wakulima wa Kenya wanatumia vibanda vyenye kuta za mkaa unaomwagiliwa maji.

Lakini mwenye kuishi Mombasa, Pemba au Tanga asikimbilie kujenga. Njia hii inategemea hewa kavu. Dodoma, Singida na Makueni itampa mtu ubaridi wa kweli. Pwani, ambako hewa tayari imeshiba mvuke, maji hayakauki upesi na chungu kinabaki na joto lilelile la nje.

Baridi yenyewe pia ina mipaka. Ndizi chini ya nyuzi 13 hivi huumia: ganda linakuwa la kijivu na tunda haliivi vizuri. Nyanya na maembe mabichi nayo hayapendi friji. Ni mimea iliyozoea nchi za joto, na baridi kali huharibu utando wa seli zake.

CHINI YA ARDHI

Mihogo ndiyo yenye haraka kuliko yote. Siku mbili au tatu baada ya kung'olewa, mistari ya samawati na kahawia inaenea ndani, hata kama hakuna kuvu wala bakteria aliyeingia. Ni mzizi unaojibu jeraha lake kupita kiasi. Wazee waliiacha mihogo ardhini wakachimba ya mlo wa siku, na hadi leo hakuna ghala bora. Anayelazimika kuivuna mingi anaweza kukata mashina wiki mbili au tatu kabla, akaacha kisiki kifupi. Mihogo hiyo hukawia kuharibika.

Viazi vitamu ni kinyume chake, vinajua kujitibu. Vikiwekwa mahali penye joto la nyuzi 30 hivi na unyevu mwingi kwa siku nne hadi saba, michubuko inaota ngozi mpya. Viazi mviringo vya kula vinataka giza, kwa sababu mwanga unavifanya kijani na kuvijaza solanini yenye sumu. Lakini vya mbegu vinataka mwanga hafifu: humo vinatoa machipukizi mafupi yenye nguvu badala ya yale marefu meupe yanayokatika. Wakulima wa aina ya Shangi nchini Kenya, inayochipua upesi mno baada ya kuvunwa, wana sababu ya kulijua hili.

Vitunguu vya Mang'ola na Singida vinakaushwa shingo hadi zisinyae, kisha vinatandazwa juu ya chanja inayopitisha hewa. Cha ajabu, kitunguu huchipua upesi zaidi kwenye ubaridi wa wastani, nyuzi 10 hadi 20, kuliko kwenye joto la 25 hadi 30. Ghala kavu lenye joto na upepo linakishinda chumba kilichopoapoa.

Na pale ambapo zao bichi haliwezi kusubiri, kuna jua. Wagogo hukausha mlenda. Wateso wa Uganda hukata viazi vitamu vipande na kuvianika, wakiviita amukeke. Wasukuma wana michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi, na matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Kipande cha mchembe kikikauka ipasavyo kinavunjika kwa mlio mkali. Miezi baadaye, viazi vya shambani vimekwisha na mvua zimeanza, mama anavimimina kwenye chungu cha maji ya moto, anaongeza karanga zilizotwangwa, na nyumba nzima inakula viazi vya mwezi wa saba.